Sijambo ya Kuli wa Kariakoo

Ndugu zangu, mlionisikia mwaka jana mniwie radhi, naanza tena na Kariakoo, maana nataka maumivu ya mwili nayo yapimwe kama umaskini. Jina lenyewe ni Carrier Corps iliyolainishwa midomoni mwetu: hapo Waingereza waliweka kambi ya wapagazi wao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sanamu iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari na bunduki yake. Mpagazi kaambulia maandishi chini: eti alikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mgongo hawakuutaja!

Hadi leo hautajwi. Nenda Kariakoo, mkute kuli kabeba robota la mitumba. Mwulize, "Hujambo?" Atasema, "Sijambo." Angesemaje lingine? Salamu yetu imeshamjibia. Sasa mngoje atue mzigo, kisha mwulize: jana ulishinda na maumivu? Hapo atakugeuzia kreti la soda ukae. Atakuonyesha kiuno, atakuonyesha goti, halafu atatoa mfukoni diclopa, vile vidonge vya maumivu, anavitafuna kama karanga. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza uchumi wa kati. Kiuno chake hakikupata taarifa.

Kuna mchumi pale anatikisa kichwa: maumivu hayapimiki, wengine wanadeka tu. Haya, na umaskini tunaupimaje? Si tunapita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wamekula nini, wametumia nini? Tukapata maskini asilimia 26.4 mwaka 2017/18, wala sikusikia mtu akisema wamedeka. Gallup, shirika la kura za maoni, huuliza watu katika nchi zaidi ya 100 kama jana walikuwa na maumivu ya mwili sehemu kubwa ya siku. Swali la pumzi moja! Linatushinda nini?

Wala msidhani fedha inamaliza maumivu. Mwaka 2015 wachumi Case na Deaton walionyesha Wamarekani weupe wa makamo, hasa wasiosoma sana, wakizidi kulalamika maumivu na wakizidi kufa. Huko, Marekani tajiri.

La mofini, dawa ya maumivu makali, nalipitia mbio. Tume ya Lancet, jarida la kitabibu, 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1. Aliyeuguza saratani nyumbani haelezwi zaidi.

Nilikuwa na la mama lishe pia, lakini mwenyekiti anatazama saa. Basi, kabla ya maswali: mmekalia hivi viti vya plastiki tangu saa tatu. Sitaki "hatujambo". Nani kiuno kinamuuma, anyooshe mkono.

Eh! Mwenyekiti naye?