Betri Ikigeuzwa: Kinga ya Saketi Ndogo

Mabibi na mabwana, karibuni. Taa ya sola au kipima unyevu cha shambani hubadilishiwa betri usiku, mara nyingi na mtu ambaye hakukitengeneza. Basi chukulieni kwamba iko siku betri itatiwa kinyume.

Siku hiyo umeme hupita ndani ya chipu kwa njia isiyopaswa, kutoka upande hasi kuelekea chanya, na chipu huchemka hadi kufa. Kapasita za maji (zile za elektroliti, zenye upande chanya na hasi) nazo huvumilia takriban volti 1 tu kinyume chake, kisha huvimba.

Fundi wengi hapa Kampala hutia dayodi ya 1N4007, yaani kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa chanya. Kwa betri ya volti 12 haina neno. Kwa mawe mawili ya tochi (amanda, kwa wanaozungumza Luganda) ni hasara. Dayodi hula volti 0.7, na chipu kama ATmega328P haifanyi kazi chini ya volti 1.8. Kifaa kitazima mawe yakifika jumla ya volti 2.5, na hapo bado yana nguvu nyingi. Dayodi ya Schottky, 1N5817, hula kama 0.3 kwa mkondo mdogo. Ni afadhali, ila joto likipanda huvujisha mkondo kinyume.

Dayodi ya kukingama, yaani iliyofungwa kati ya chanya na hasi ili betri ikigeuzwa ipitishe mkondo mkubwa, pamoja na fyuzi ni nzuri kwa betri ya boda boda. Mawe ya tochi huenda yasitoe mkondo wa kukata fyuzi, basi yatachemka tu.

Mimi nachagua mosfeti ya chaneli P, mfano AO3401. Ni swichi ya elektroniki yenye miguu mitatu: umeme hupita kati ya dreni na sosi, na geti ndiyo huiwasha au kuizima. Kwa miliampia 100 hupoteza milivolti chache tu. Dreni iende kwenye chanya ya betri, sosi iende kwenye saketi, geti iende hasi kupitia rezista ya kiloomu 100. Wengi huiona imegeuzwa, lakini ndivyo inavyotakiwa: dayodi iliyomo ndani huanza kupitisha umeme, kisha chaneli hufunguka.

Ukibadilisha dreni na sosi, kifaa kitawaka vizuri kabisa, nawe utaridhika. Kosa litaonekana siku betri inapogeuzwa, kwa sababu dayodi ya ndani itapitisha umeme kinyume. Kwa hiyo pima kabla ya kulehemu saketi yenyewe. Weka rezista ya kiloomu 1 mahali pake, geuza betri ya volti 3, usome volti za rezista hiyo kwa mita. Sufuri ni sawa. Ukiona kama −2.4, umekosea miguu.

Geti ya AO3401 haivumilii zaidi ya volti 12 kutoka sosi, na betri ya asidi ikichajiwa hupita 14. Hapo ongeza zena (dayodi inayozuia volti zisizidi kiwango chake) ya volti 10 kati ya sosi na geti, kathodi, yaani mguu wenye mstari, upande wa sosi.

Kwenye sola kuna mtego mwingine. Chaja ikiunganishwa upande wa saketi na paneli iko juani, chaja huifanya mosfeti ibaki imewaka. Ukiunganisha betri kinyume wakati huo, mosfeti haizuii chochote. Fyuzi ikae karibu na ncha chanya ya betri, betri iunganishwe kwanza, paneli mwisho. Wakati wa kufungua, paneli itoke kwanza.