Kipindi cha 41: Benchi la Kahawa

RAJABU: Haya, karibuni. Da Mwana, tangu tukae hujagusa kashata. Kuna nini?

MWANA: Jumanne nilimsindikiza mdogo wangu kliniki, kaka. Mwezi wa pili huu tangu ajaribu kujiua. Kaniruhusu nisimulie, ila jina kasema libaki nyumbani. Tuko kwenye foleni, watu wamejaa, muuguzi kachungulia na faili mkononi: "Yule wa kujiua yuko wapi?"

RAJABU: Mbele za watu?

MWANA: Mbele za watu. Mtoto akavuta ushungi mpaka machoni. Ndani hata dakika tano hazikufika. Unalala? Unakula? Kalamu inaandika, uso hauinuki. Tulipotoka akaniambia, "Dada, hakuna aliyeniuliza kwa nini."

RAJABU: Labda wanaogopa kumkumbusha.

MWANA: Wengi wanaogopa hivyo, na sivyo ilivyo. Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kufa hakumpandikizii wazo hilo. Yeye mwenyewe alikuwa analisubiri swali. Basi tukapita Ngamiani, hapa Tanga, tukakaa kwenye benchi la kahawa, na hapo ndipo aliposema yote. Saa nzima, kikombe mkononi, anatazama baiskeli zinavyopita.

RAJABU: Benchi letu lile?

MWANA: Lilelile.

RAJABU: Si nawaambia kila wiki! Lile benchi ni hospitali!

MWANA: Leo nakukubalia. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, David Jobes. Kwa njia yake, mtabibu humwomba mgonjwa ruhusa, akahamisha kiti na kukaa ubavuni mwake. Fomu wanaijaza pamoja, na maumivu yanaandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe.

RAJABU: Ubavuni, kama kwenye kahawa. Ngoja nikwambie. Marehemu baba alipopunguzwa kazi kwenye mkonge, mama hakuambiwa wiki mbili. Wa kwanza kujua ni mzee aliyekuwa akikaa kushoto kwake pale benchini. Hakutazamwa usoni, ndiyo maana aliweza kusema. Na kahawa ikiwa chungu, mtu hainywi kwa haraka...

MWANA: Kaka, tuna mambo matatu ya wasikilizaji.

RAJABU: Tutafika. Siku ile kliniki, mama mtu alikuwa wapi?

MWANA: Nje. Mdogo wangu hakutaka aingie.

RAJABU: Hapo sikubali. Saa nane za usiku nani yuko naye? Nani anafungia dawa kabatini? Mama. Mnamwachaje nje?

MWANA: Aulizwe kwanza yeye, nani aingie.

RAJABU: Akisema asiingie mtu?

MWANA: Aseme ya moyoni kwanza. Mama aitwe baadaye, wapange pamoja mambo ya usalama. Kaka, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaita jaribio la kujiua kosa. Mtu tayari anapima kila neno. Ukimwongezea macho ya mama, atasema "sijambo" na atarudi nayo nyumbani.

RAJABU: Mimi nimezika, Mwana. Unajua nimezika. Kuna watu walijua hali yake, na sisi wa nyumbani hatukuambiwa kitu. Siri ile ilimfaa nani?

MWANA: Najua, kaka. Na mimi ninaye aliye hai, ambaye huko nyuma alinyamaza kwa sababu mama alikuwa chumbani.

RAJABU: Bado nasema mama aingie.

MWANA: Nami nasema aulizwe.

(Kimya.)

RAJABU: Fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili.

MWANA: Muda wa yale matatu hautoshi tena. Nitaje moja: utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2008, nchi 5, wagonjwa 1,867 waliowahi kujaribu. Waliokaa na mhudumu wakazungumza kwa kirefu, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara 9 ndani ya miezi 18, walikufa kwa kujiua wachache kuliko wale wa matibabu ya kawaida. Na wewe unayesikiliza, kama umefika hapo, mwambie mtu leo hii, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Usisubiri kesho.

RAJABU: Mdogo wetu anarudi lini kliniki?

MWANA: Jumanne ijayo.

RAJABU: Nitawasubiri benchini.

MWANA: Nitamuuliza kwanza.