Nani Wamo Ndani ya Wastani wa Shule?

Ndugu Mwenyekiti, maofisa elimu kata, walimu wakuu, wajumbe wa kamati za shule na wazazi mliofika: nimeombwa nizungumzie ufaulu katika shule zetu za msingi za serikali hapa Tanzania, nami nitauzungumzia pamoja na jambo ambalo kwa kawaida huachwa nje ya mjadala, yaani ni watoto gani hasa wanaoufanya mtihani wa darasa la saba.

Wengi wenu mmewahi kuiona karatasi ya matokeo ya darasa la saba ikiwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Katika karatasi za miaka kadhaa iliyopita, juu kabisa palikuwa na namba ya shule inayoanza na herufi PS, kisha idadi ya waliofanya mtihani, wastani wa shule, kundi la shule, na nafasi yake kihalmashauri, kimkoa na kitaifa. Chini yake lilifuata jedwali dogo lenye kichwa JINSI, likionyesha wasichana wangapi na wavulana wangapi wamepata daraja A hadi E. Basi, hayo ndiyo yote ambayo karatasi ile ilituambia kuhusu watoto wenyewe. Haikusema ni wangapi walilianza darasa la kwanza wakiwa hawajui Kiswahili, ni wangapi waliwahi kukariri darasa, wala ni wangapi hutembea kilomita kadhaa kila asubuhi kabla ya kengele. Na bado kutokana na karatasi hiyohiyo mwalimu mkuu alipongezwa au aliitwa kujieleza.

Hata kundi la shule, ambalo lilizitenga shule zenye watahiniwa pungufu ya 40 na zile zenye 40 au zaidi, lilikuwa na sababu ambayo watu wachache walijishughulisha nayo. Shule yenye watahiniwa 12 inaweza kupanda au kushuka sana kwa sababu ya watoto wawili tu, na ndiyo maana shule ndogo huonekana kwa wingi kwenye ncha zote mbili za orodha, za juu na za chini. Mabadiliko ya namna hiyo hayathibitishi kwamba ufundishaji umebadilika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa watoto walioandikishwa mwaka 2016. Kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima iliondolewa, na mwezi Januari uliofuata shule zilifurika. Watoto hao, kwa wale waliopanda darasa kila mwaka, walifika darasa la saba mwaka 2022. Mwaka 2021 watahiniwa waliosajiliwa walikuwa takriban milioni 1.13; mwaka 2022 walizidi milioni 1.38. Ufaulu wa kitaifa, kwa maana ya daraja A hadi C, ulishuka kutoka asilimia 81.97 hadi 79.62, na anayesoma asilimia peke yake atasema elimu imeporomoka. Lakini idadi ya waliofaulu ilipanda kutoka takriban 907,000 hadi zaidi ya 1,073,000. Kwa lugha nyingine, watoto zaidi ya 160,000 waliongezeka katika hesabu ya waliofaulu katika mwaka uleule ambao asilimia ilishuka, na walifanya hivyo wakiwa wamesoma katika madarasa yaliyojaa kupita kiasi, kwa ruzuku iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mimi nauhesabu mwaka ule kuwa wa mafanikio, ingawa najua wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito: walioanza pamoja mwaka 2016 walikuwa wengi kuliko waliofika kwenye chumba cha mtihani. Waliokariri na walioacha shule njiani hawamo kwenye wastani wowote, kwa kuwa wastani huhesabu waliobaki tu.

Hapo ndipo ulinganisho na baadhi ya shule binafsi unapokosa haki. Shule inayofanya usaili kabla ya kumpokea mtoto, inayotoza ada na kuwalaza wanafunzi bweni, imeshachagua sehemu ya matokeo yake kabla ya somo la kwanza kufundishwa. Shule ya serikali ya kata humpokea kila mtoto aliye jirani, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa, miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana. Niliuunga mkono uamuzi huo, ila kuondoa orodha hakutoshi iwapo hatuweki mahali pake taarifa iliyo bora zaidi.

Nisieleweke kwamba hali ya nyumbani ndiyo inayoamua kila kitu. Ni kweli kwamba nchini Marekani, mwaka 1966, ripoti iliyoongozwa na James Coleman ilionyesha kuwa tofauti za ufaulu zilifungamana zaidi na familia kuliko na vifaa vya shule. Hata hivyo, Stephen Heyneman na William Loxley, walipolinganisha nchi 29 katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1983, waliona kuwa kadiri nchi ilivyokuwa maskini ndivyo shule na walimu walivyokuwa na uzito mkubwa zaidi. Kwa mtoto wa Simanjiro anayezungumza Kimaasai nyumbani, au wa Bariadi anayezungumza Kisukuma, mwalimu wa darasa la kwanza ndiye mlango wa Kiswahili kitakachotumika katika mtihani wake, na ukimwekea mwalimu huyo watoto 120, lawama ya wastani mdogo haiwezi kubebeshwa wazazi.

Linalowezekana tayari lipo mikononi mwetu. Mwanafunzi hupimwa kitaifa akiwa darasa la nne na tena akiwa darasa la saba, na namba yake ya PREM, yaani namba ya kumtambulisha katika kumbukumbu za wanafunzi, humfuata hata anapohama shule. Kamati ya shule inaweza kumwomba mwalimu mkuu aweke madaraja ya mtoto yuleyule ya darasa la nne kando ya yale ya darasa la saba, somo kwa somo, hasa Hisabati na Kiingereza, bila kusoma majina ya watoto mbele ya mkutano. Shule ambayo watoto wake walitoka D wakafika C imefanya kazi kubwa kuliko ile iliyowapokea wakiwa na B ikawarudisha wakiwa na B. Pamoja na ukurasa huo kiletwe kitabu cha mahudhurio, ili kila namba iliyokuwepo darasa la nne na isiyoonekana darasa la saba iandikiwe sababu yake: amehama, amekariri, amefariki, au ameacha shule. Wale ambao sababu yao haijulikani, mjumbe wa kamati anayeishi kitongoji kimoja nao apangiwe kuwatembelea kabla ya kikao kinachofuata.