Kuchonga Kiko cha Mbao: Umbo Jepesi na Mng'ao Unaodumu

Habari zenu, karibuni tena karakanani. Leo tunachonga kiko cha mbao, kuanzia kipande kikavu mpaka kinang'aa. Matundu yana vipimo vyake, na ukivifuata kiko kitavuta tu. Kazi iko kwenye umbo na umaliziaji, na huko ndiko nitakakokaa zaidi. Viko vingi vya kujitengenezea vinavuta vizuri kabisa ila ukivishika ni vizito, vinene, kama kiazi kilichotiwa mpini. Sababu karibu kila mara ni moja: mchongaji aliogopa kutoa mbao.

Vaa miwani na barakoa kabla hujawasha chochote, maana vumbi la mbao ngumu si la kuvuta. Na tumbaku nayo ina madhara, iwe kwenye sigara au kwenye kiko. Hilo nalisema mara moja, tuendelee na uchongaji.

Tuanze na mbao. Hii niliyoshika ni braia, yaani kivimbe cha mizizi cha Erica arborea, kichaka kinachoota kwa wingi kandokando ya bahari ya Mediterania. Vivimbe hivi hukatwa vipande, huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, halafu huachwa vikauke taratibu kwa miezi kadhaa au zaidi. Ndiyo maana braia haipasuki ovyo wala kuungua haraka. Huna braia? Mzeituni mkavu unafaa, na miti ya matunda kama mcheri na mpea pia. Muhimu mbao iwe ngumu, imekauka sawasawa, na uijue ni mti gani. Ipo miti yenye sumu, Nerium oleander kwa mfano, kile kichaka cha maua, na hiyo haitakiwi kabisa karibu na mdomo wa mtu. Mbao iliyowahi kupakwa rangi au dawa ya wadudu nayo weka kando.

Lowesha kipande kidogo kwa maji uone nyuzi zinaelekea wapi. Ona hapa, upande huu zimesimama wima, na ukigeuza upande wa pili unaona vidoa vidogo vya mviringo, kwa sababu hapo tunaziangalia nyuzi kwa vichwa vyake. Nataka nyuzi wima zipande ubavuni mwa bakuli, yaani sehemu inayotiwa tumbaku. Hilo linaamuliwa sasa, kabla ya mstari wa kwanza wa penseli, kwa sababu baadaye hakuna wa kuligeuza.

Sasa mchoro. Kwa kiko cha kwanza au cha pili, chukua umbo la biliadi: bakuli limesimama, shina, yaani sehemu inayopitisha moshi, limelala, pembe ya digrii tisini kati yao. Linaonekana rahisi, lakini halina mapambo ya kufichia kosa. Vipimo vyangu ni hivi: kimo cha bakuli milimita 48, na urefu wa shina, kuanzia linapotoka kwenye bakuli, uwe sawa na kimo hicho au karibu yake. Upana wa bakuli kwa nje milimita 36, unene wa shina 16. Chora ubavuni mwa kipande, kisha piga mistari miwili ya katikati, mmoja wa bakuli na mmoja wa shina. Mistari hiyo lazima ikutane pale sakafu ya bakuli itakapokuwa. Ikipishana hapo kwenye karatasi, itapishana na ndani ya mbao.

Tunatoboa kipande kikiwa bado cha mraba, kwa sababu kinakaa imara kwenye jiliwa. Ninaanzia upande wa shina. Nasawazisha uso wake kwanza, halafu natoboa tundu la kupokea mdomo, yaani kile kipande cha kushika kwa meno, kipenyo milimita 8, kina milimita 20. Bila kufungua jiliwa, nabadilisha biti na kuendelea ndani kwa tundu la moshi la milimita 4. Usilegeze jiliwa katikati ya kazi hii. Matundu yote mawili yatakaa kwenye mhimili mmoja bila kubahatisha.

Halafu bakuli. Biti yangu ni ya milimita 20, bapa, nimeinoa ncha yake iwe ya mviringo ili chini pawe na umbo la kikombe. Kina ni milimita 40, nimefunga utepe kwenye biti kama alama. Toboa kidogo, nyanyua, safisha, rudia. Ukikaribia mwisho punguza mkono kabisa. Tundu la moshi linatakiwa litokeze chini kabisa, katikati. Mulika tochi: unaliona pale? Likiwa juu ya sakafu, tumbaku ya chini haitaungua na unyevu utajikusanya hapo. Biti ikizama kupita kiasi, sakafu inakuwa nyembamba. Mimi nabakisha milimita 8 ya mbao chini.

Mdomo tunaufunga kabla ya kuchonga, na hili wengi hulifanya kinyume. Natumia ebonaiti, ile mpira ngumu. Ukiikata utasikia harufu ya kiberiti, usishtuke, salfa ndiyo iliyoikaza. Akriliki, aina ya plastiki ngumu, nayo ni nzuri, haibadiliki rangi juani kama ebonaiti, ila ni ngumu zaidi kwenye meno. Kichomeo cha mdomo, yaani kile kijiti kinachoingia kwenye shina, kiwe pungufu kidogo ya kina cha tundu, nusu milimita inatosha. Kikiwa kirefu, mdomo hautakaa chini na utabaki na mwanya. Kiingie kwa kuzungusha, kikaze bila kulazimishwa. Sasa elekeza maungio kwenye taa. Mwanga ukipenya, uso wa shina haujanyooka. Rudi ukausawazishe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo.

Tukate umbo. Kwa msumeno ondoa pembe kubwa, ukibakisha kama milimita 2 nje ya mchoro. Kisha tupa ya mbao yenye meno makali, halafu tupa laini. Nitasogeza kamera hapa, bakuli linapokutana na shina. Hapa ndipo viko vingi huharibikia. Mchongaji anaacha mbao nyingi kwenye kona, shina linaonekana kama linayeyuka kuingia kwenye bakuli, na kiko kizima kinanenepa. Chukua tupa ya duara nyembamba uifuate ile kona kwa pande zote, mpaka shina lionekane kama bomba lililochomekwa kwenye bakuli. Fanya hivyo chini pia, siyo juu tu. Watu husahau chini kwa sababu hawapaangalii wanapochonga.

Je, utajuaje umetoa mbao ya kutosha? Kwanza pima. Ukuta wa bakuli usipungue milimita 6 popote, na hapa juu nina 8, kwa hiyo bado ninayo nafasi. Ukijua namba hiyo, hofu inapungua. Pili, inua kiko mbele ya dirisha ukiangalie kivuli chake, usiangalie nyuzi wala rangi. Ubavu wa bakuli uwe na tumbo dogo sana, linaloanzia chini ya katikati, na mstari wa mbele ulingane na wa nyuma. Tatu, kigeuze juu chini. Jicho linazoea haraka, na kasoro uliyoipita kwa saa nzima itajitokeza papo hapo kiko kikiwa kimepinduliwa. Angalia changu: upande wa kushoto una bega, kulia hauna. Naweka alama ya penseli kwenye bega, napiga tupa mpaka alama iishe, naangalia tena. Penseli, tupa, dirisha. Sehemu hii inachosha na hakuna njia ya mkato.

Shina na mdomo vichongwe pamoja, vikiwa vimefungwa. Ukivichonga kila kimoja peke yake, ukingo wa kila upande utaliwa kidogo, na ukipitisha ukucha kwenye maungio utaukuta mfereji. Mdomo wenyewe upunguze taratibu kuelekea kwenye meno, ufike unene wa milimita 4 hivi, na mwishoni uache kingo ndogo ya kushikia. Mdomo mnene huharibu kiko kizuri, na ndio sehemu ambayo mtumiaji anaihisi muda wote. Ukitaka kuupinda, pitisha kwanza waya wa kusafishia viko kwenye tundu ili lisizibe, ndipo uuchovye kwenye maji yanayochemka, upinde, uupoze palepale kwa maji baridi. Hiyo ni kwa ebonaiti. Akriliki inataka joto kubwa kuliko maji ya moto.

Msasa sasa. Naanza na namba 150, halafu 220, 320, 400, namalizia 600. Mng'ao unatoka hapa, hautoki kwenye nta. Nta na rangi hazifichi mkwaruzo, zinautangaza. Kwa hiyo kila hatua chora penseli kiko kizima ovyo ovyo, piga msasa mpaka penseli yote ipotee, ndipo upande namba inayofuata. Kwenye maungio usitoe mdomo. Kwenye kona ya shina zungushia msasa kwenye kijiti chembamba, na kwenye ukingo wa juu wa bakuli laza msasa juu ya meza usugue kiko chenyewe.

Ukimaliza 320, futa kiko kwa kitambaa chenye maji kidogo, kiache kikauke. Nyuzi zitasimama, uso utakuwa na manyoya ukiupapasa. Washa taa, iweke chini ubavuni, siyo juu. Mikwaruzo ya tupa uliyodhani umeimaliza hii hapa, inakatiza nyuzi, mitatu sambamba. Ukiiona rudi mpaka 220 sehemu hiyo. Najua inauma, lakini usijidanganye na 600 juu ya mkwaruzo wa tupa.

Vitobo vidogo vya asili ndani ya mbao ni kawaida kwenye braia. Kimoja au viwili viache, au jaza kwa unga wa mbao ileile na tone la supagluu. Vikiwa vingi, usihangaike kujaza. Chonga uso wote wa bakuli uwe na mikwaruzo ya makusudi kwa patasi ndogo. Uso wa namna hiyo una heshima yake, na unashikika vizuri.

Rangi. Tumia ya spiriti, ile ya kupakia ngozi. Napaka nyeusi kwanza, naiwasha kwa kiberiti sekunde chache spiriti iungue na rangi izame. Fanya hivi mbali na chupa, na mdomo uwe umeutoa. Ikikauka, napiga msasa wa 400 mpaka weusi ubaki ndani ya nyuzi laini tu. Halafu kahawia nyekundu juu yake. Ona nyuzi zilivyojitenga sasa. Ndani ya bakuli rangi isiingie. Na tafadhali, vanishi nene hapana: bakuli likipata joto itatoa malengelenge.

Kung'arisha ni gurudumu la kitambaa, kwanza na tripoli, dawa ya kusugulia yenye unga laini, halafu gurudumu lingine safi na nta ya karnauba, nta ngumu ya mmea. Kila dawa na gurudumu lake. Kandamiza kidogo, sogeza muda wote, usisimame sehemu moja, maana joto litaondoa nta uliyoipaka na kuichoma ebonaiti. Shika kiko kwa mikono miwili chini ya kiwango cha katikati ya gurudumu. Likikinyakua, litakirusha chini, halitakurushia usoni.

Mwisho, ndani ya bakuli. Unga laini wa mkaa uchanganywe na mtindi mweupe usio na sukari, upakwe tabaka jembamba kwa kidole, tundu la moshi likiwa limezibwa na waya. Acha ukauke siku mbili au tatu, kisha toa waya na upulize. Pitisha waya mwingine kutokea kwenye mdomo mpaka uone ncha yake kwenye sakafu ya bakuli bila kuutoa mdomo. Ukigoma njiani, tatizo liko kwenye maungio. Toa mdomo, panua kidogo mwingilio wa tundu la kichomeo kwa biti kubwa zaidi ukizungusha kwa mkono, ujaribu tena.