Shane O'Donnell wa Clare: bingwa asiye na mshahara

Wapendwa wa nyumbani, hamjambo? Wakubwa zangu wote, shikamooni. Karibuni tena hapa Ennis, kaunti ya Clare, magharibi ya Ayalandi. Leo sizungumzii viza wala kodi za nyumba, hayo tutayarudia. Leo namtaka kijana mmoja wa mji huuhuu ninaoishi, anaitwa Shane O'Donnell, mchezaji wa halingi. Nataka mumjue, hasa nyie mama zangu na baba zangu ambao kila jioni mnavutana na watoto: mpira au kitabu?

Kwanza mchezo wenyewe, maana wengi hamjauona. Halingi ni mpira wa magongo, lakini ule wa kuburuza mpira chini uwekeni pembeni. Hapa kimpira kinapaa. Ndani kina gome jepesi, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, na nje ngozi, ukubwa wake karibu sawa na mpira wa tenisi, na kikipigwa sawasawa kinaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Gongo ni la mbao, bapa kwenye ncha. Mchezaji anakimbia na kimpira kimekaa juu ya ile bapa, wenzake wanamwandama na magongo yao, na katikati ya vurugu hiyo anakirusha na kukipiga kikiwa hewani. Wako 15 kila upande, dakika 70. Goli lina umbo la herufi H: ukimpita kipa ni bao, linahesabiwa pointi 3, ukipitisha juu ya mwamba ni pointi 1. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili mbili, mabao kwanza, pointi baadaye. Shikeni hilo, tutalihitaji sasa hivi.

Na jambo lingine, ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote: halingi ni mchezo wa ridhaa. Tangu chama chao cha michezo ya Kiayalandi, GAA, kianzishwe mwaka 1884, hakuna mchezaji anayelipwa mshahara. Wa kaunti hurudishiwa gharama za safari, serikali nayo hutoa ruzuku ndogo, basi. Uwanja wao mkuu, Croke Park kule Dublin, unaingiza watu 82,300, na fainali hujaa mpaka tiketi zinatafutwa kwa machozi. Halafu Jumatatu yule shujaa anarudi darasani kufundisha, au benki, au shambani kwa ng'ombe. Hakuna dirisha la usajili kama la Simba na Yanga. Unachezea klabu ya kwenu, na ukiwa mzuri sana unachezea kaunti ya kwenu. Mwanzilishi mmojawapo wa chama hicho, Michael Cusack, alizaliwa hapahapa Clare, na uwanja wa mji wetu una jina lake.

Sasa rudini nami mwaka 2013. Clare na kaunti nyingine, Cork, wanakutana fainali ya Ayalandi nzima tarehe 8 Septemba, wanatoka sare. Clare wana 0-25, yaani pointi 25 bila bao hata moja. Cork wana 3-16. Pigeni hesabu: 25 kwa 25. Na pointi ya kusawazisha ilipatikana dakika za majeruhi, tena na beki wa pembeni wa Clare, Domhnall O'Donovan, ambaye si kazi yake kufunga. Huku halingi hakuna penalti za kumaliza ubishi wa fainali siku ile, ikabidi warudiane tarehe 28 Septemba.

Shane alikuwa na miaka 19, mwanafunzi wa jenetiki katika chuo kikuu cha Cork, ndiyo, jiji la wapinzani wenyewe. Siku ya marudiano, saa chache tu kabla ya mechi, kocha Davy Fitzgerald akamwambia kwamba anaanza. Hebu jiwekeni mahali pake. Watu elfu themanini na zaidi, taa zimewashwa, na wewe hata ndevu hazijakolea. Kijana akaingia akafunga mabao matatu. Matatu! Yote kipindi cha kwanza, na pointi tatu juu yake. Clare wakashinda 5-16 kwa 3-16.

Hapa lazima niwasimulie maana ya ushindi ule kwa watu wa Clare, mtanisamehe nikienda pembeni kidogo. Kaunti hii ilikuwa bingwa mwaka 1914, kisha ikangoja mpaka 1995. Miaka 81. Watu wakazaliwa, wakazeeka, wakazikwa bila kuona kombe. Ikasemwa kuna laana, ya mganga wa kike aliyeitwa Biddy Early, mtu wa mitishamba na chupa yake ya maono. Sisi wa pwani hadithi ya namna hiyo haitushangazi hata kidogo. Ila Biddy Early alifariki mwaka 1874, miaka kumi kabla chama cha halingi hakijaundwa, kwa hiyo mama wa watu nadhani alisingiziwa. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, na wako wasiokumbuka wamekula nini mchana lakini ukitaja 1995 macho yanafunguka, wanakutajia kikosi kizima. Baada ya hapo Clare walichukua tena 1997, kisha kimya, mpaka kijana wa miaka 19 alipowafungia mabao matatu. Ndipo mjue mzigo aliotwishwa.

Kwa maana kuanzia usiku ule hakuweza tena kupita barabarani kama watu wengine. Mwenyewe amesema hadharani kwamba umaarufu ule ulikuwa mzito kwake. Na Clare hawakurudi fainali mwaka uliofuata, wala ule mwingine. Miaka ikapita. Kwa kijana wa umri ule, wengi wangetegemea apotee: ama alewe sifa, ama achoke kulinganishwa kila msimu na jioni moja ya Septemba.

Shane akasoma. Alimaliza shahada ya kwanza, akaendelea mpaka shahada ya uzamivu katika mikrobiolojia, yaani elimu ya vijidudu, na katikati yake akapata ufadhili wa masomo wa Fulbright akaenda chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Na bado akirudi anavaa jezi ya bluu na njano ya Clare. Mazoezi jioni, maabara mchana. Ninapowasikia wazazi nyumbani wakisema "achague moja", huwa namkumbuka huyu. Sisemi kila mtoto ataweza. Nasema mfumo wa huku ulimruhusu kujaribu, kwa kuwa klabu iko mtaani kwake, haimtaki aache shule, na hakuna wakala anayemvuta mkono aende nje. Nasi tuna viwanja vya mitaa na walimu wenye moyo. Kwa nini kijana wetu mwenye kipaji akifika kidato cha pili alazimike kuamua maisha yake yote kwa siku moja?

Lakini sitawapamba. Mwaka 2021 Shane aligongwa kichwa akapata mtikisiko wa ubongo. Kofia za kinga zimekuwa za lazima kwa wachezaji wote tangu 2010, na zinasaidia sana kwa majeraha ya uso na fuvu, ila ubongo kutikisika ndani haziwezi kuuzuia. Akashindwa kufanya kazi kwa wiki kadhaa. Kusoma, hawezi. Skrini ya kompyuta, haivumiliki. Mtu ambaye mkate wake unatoka kichwani, mwanasayansi, anakaa ndani akijiuliza kama akili yake itarudi ilivyokuwa. Alieleza wazi kwamba alidhani hatacheza tena.

Hapo ndipo mimi kama mama nilipolala nikiwaza. Mwanangu naye ana gongo lake, limesimama pale mlangoni pamoja na viatu vya matope, na Jumamosi asubuhi hakuna wa kumzuia. Mchezo usio na mshahara, ambao ukikuumiza utaumia na kazi yako inayokulisha. Je, inafaa? Nilichofanya ni kumwendea kocha wa watoto na kumuuliza: mtoto akigongwa kichwa mnafanyaje? Akanijibu bila kusita: anatoka, harudi mechi hiyo hata alie, na hachezi tena mpaka apite hatua za kupona. Wazazi, hilo swali liulizeni hata kwenye soka na ndondi huko nyumbani. Mtoto akizimia sekunde mbili akamwagiwa maji na kurudishwa uwanjani, huo si ujasiri. Mtoeni.

Shane alipumzika mpaka akapona kweli, hakuharakishwa. Mwaka 2022 akarudi, na safari hii si kama mfungaji wa mabao. Alikuwa mtu wa kuchukua kimpira kwenye msongamano, kuvuta mabeki wawili watatu, kisha kumwachia mwenzake nafasi. Kazi ambayo haionekani kwenye namba. Nikiri ninaipenda zaidi kuliko mabao yake ya 2013.

Basi tarehe 21 Julai 2024, Clare na Cork tena, Croke Park tena. Kocha sasa ni Brian Lohan, aliyekuwa beki wa timu ile ya 1995 na 1997. Nahodha Tony Kelly, ambaye mwaka 2013 naye alikuwa kijana mdogo. Cork wakaanza kwa kasi ya kutisha, Clare wakawafuata pointi kwa pointi, dakika 70 zikaisha sare. Fainali ikaamuliwa kwa dakika za nyongeza. Matokeo: Clare 3-29, Cork 1-34. Hesabuni wenyewe: 38 kwa 37. Pointi moja! Mtaa wetu hapa honi za magari hazikulala. Mwaka huohuo Shane akatajwa mchezaji bora wa mwaka, na wanaopiga kura ni wachezaji wenzake, wanaojua kazi ile isiyoonekana ina thamani gani. Alikuwa na miaka 30.

Ndugu zangu mlioko Dubai, Abu Dhabi na Muscat, huko kwenu kuna vilabu vya michezo ya Kiayalandi, wafanyakazi wa huku wamevianzisha. Mkiona watu na magongo uwanjani jioni, simameni mtazame. Mkimpata mtu wa Clare, mtajieni jina la Shane O'Donnell, kisha mvute kiti, maana hatawaachia mapema. Na wenye watoto wanaocheza mchezo wowote, niambieni: kocha wenu alijibu nini mlipomuuliza kuhusu kichwa?