Kuiongezea Prosesa Kasi kwenye Joto la Kisumu

Karibuni, hasa nyinyi mliotoka Maseno na Ahero na jua hili. Kabla hujagusa BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, ili kuiongezea kasi prosesa (chipu inayofanya hesabu zote), pima joto la chumba chako. Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoipuliza. Chumba cha mabati kikitoka nyuzi 22 asubuhi hadi 31 saa nane mchana, prosesa nayo hupanda takriban nyuzi 9 hizo hizo. Tena Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo huondoa joto pungufu kidogo.

Kasi hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi, kwa kawaida megahezi 100, kwa kizidishi. Kizidishi 40 ni gigahezi 4. Mapigo ya msingi yaacheni, maana kuyabadilisha huyumbisha vifaa vingine. Kwa Intel, tafuteni prosesa yenye K baada ya namba, ambayo kizidishi chake hubadilika, na ubao mama (bao kuu linaloshika prosesa) wa kundi la Z. Ryzen nyingi, prosesa za AMD, ziko wazi kubadilishwa kizidishi, mradi ubao usiwe wa kundi la A.

Sasa tegeni sikio, hapa ndipo vifaa huungua. Umeme unaoliwa na prosesa hufuata kasi, ukizidishwa kwa volti mara volti. Ukitoka gigahezi 4.0 kwa volti 1.20 hadi 4.4 kwa volti 1.32, kasi imeongezeka asilimia 10, lakini joto linalozalishwa ni kama asilimia 33 zaidi. Ndiyo maana nawasihi: pandisheni kizidishi hatua moja moja, volti ibaki pale pale. Kila hatua, endesheni Prime95 au OCCT, programu za kuitesa prosesa kwa kazi nzito, mkitazama joto. Kompyuta ikiganda, rudini hatua moja. Mkilazimika kuongeza volti, iongezeni kidogo mno, na kwa sababu nzuri. Mimi husimama kwenye nyuzi 85, ingawa Intel nyingi hujipunguza kasi zenyewe karibu na 100, kwa sababu joto la Februari huja.

Nakilini kazi zenu kwanza. Prosesa isiyotulia hukosea hesabu kimyakimya, na faili huharibika kabla mashine haijazima. Stima ikikatika katikati ya jaribio nayo huharibu, kwa hiyo UPS, betri ya akiba ya kompyuta, si anasa.

Dada aliyeuliza kuhusu mashine isiyowaka baada ya mabadiliko: chomoa waya ukutani, toa betri ndogo ya ubao mama kwa dakika chache, uirudishe. Mipangilio ya kiwandani itarudi.