Kiungo Kikipita Mwisho Wake

ZUHURA: Asalaam aleikum, karibuni kipindini. Leo ni viungo vilegevu: vile vidole ambavyo mtoto akivikunja nyuma, wenzake humshangilia. Kaka Omari, hasa kinacholegea ni nini?

OMARI: Waaleikum salaam, dada Zuhura. Ni kano, zile zinazofunga mfupa kwa mfupa. Nguvu yake hutokana na kolajeni, protini inayoshikilia mwili, na kolajeni ikiwa dhaifu kiungo hupita pale kilipopaswa kusimama. Misuli hulazimika kufanya kazi ya kano juu ya kazi yake yenyewe. Ndiyo maana mtu huamka asubuhi kachoka kama aliyelima.

ZUHURA: Na eksirei inatoka safi.

OMARI: Kwa sababu inaonyesha mfupa, ulegevu wa kano hauonekani hapo. Basi mgonjwa huitwa mvivu, au anajidekeza. Hilo si haki hata kidogo.

ZUHURA: Daktari atajuaje?

OMARI: Kuna kipimo cha Beighton, alama 9. Kidole cha mwisho kikirudi nyuma kupita nyuzi 90, alama 1 kwa kila mkono. Dole gumba likigusa mkono kwa ndani, chini ya kiwiko, vivyo hivyo. Kiwiko na goti vikipinda nyuma zaidi ya nyuzi 10, 1 kila upande. Ya mwisho, kuinama magoti yamenyooka na viganja vikalala sakafuni. Mtu mzima hadi miaka 50 akipata 5 na zaidi, huhesabiwa mlegevu wa mwili mzima. Mtoto ambaye hajabalehe ni 6.

ZUHURA: Alama peke yake si ugonjwa, lakini.

OMARI: Wala! Wapo wenye 9 wasioumwa popote. Tatizo ni maumivu, kuteguka mara kwa mara, kizunguzungu ukisimama. Hapo daktari huangalia mambo kama ugonjwa wa Ehlers-Danlos, maradhi ya kurithi yanayolegeza tishu zinazoshika mwili. Aina zake nyingi hupimwa kwa jeni, ila ile ya viungo vilegevu, inayoonekana zaidi, bado haina kipimo cha damu.

ZUHURA: Tushuke jikoni. Mtu amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi.

OMARI: Tazama dole gumba. Limebana kifuu, kiungo cha katikati kimebonyea ndani, kifundo cha mkono kimepinda, na kila mkwaruzo unasukuma palepale. Shika kifuu kwa viganja viwili, vidole vikunjwe kidogo, ukizungushe kidogo kidogo. Ukimaliza kifuu kimoja, pumzika. Siku ya maumivu nunua iliyokunwa kwa mashine, usione aibu.

ZUHURA: Na mtungi wa maji?

OMARI: Lita 20 ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye bega moja. Gawa lita 5 huku na 5 huku, rudi tena. Safari zitaongezeka, bega litabaki mahali pake.

ZUHURA: Kwenye foleni ya feri Likoni watu husimama magoti yamerudi nyuma kabisa.

OMARI: Anadhani anapumzika, kumbe ananing'inia kwenye kano. Alegeze goti kidogo tu, uzito uje katikati ya unyayo. Na zoezi lake: lala chali, weka taulo lililokunjwa chini ya goti, likandamize, hesabu 5, achia. Mara 10 kila mguu. Hakuna kuvuta, hakuna kujinyoosha hadi mwisho. Kwa watu hawa kujinyoosha huleta nafuu ya dakika chache, kisha kiungo huzidi kulegea. Tunajenga nguvu, taratibu, kwa miezi.

ZUHURA: Bega likitoka?

OMARI: Asivute mtu! Wala jirani, wala mkandaji. Mishipa ya fahamu inapita hapohapo. Kunja leso pembetatu, tundika mkono shingoni jinsi ulivyokaa, nenda hospitali. Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi na kupauka, usingoje hata dakika.

ZUHURA: Nami niongeze kwa walimu wa chuoni na shuleni: mtoto anayeshika kalamu kwa kukaza hadi kucha zinakuwa nyeupe si mkaidi. Zungushia kalamu kitambaa iwe nene, na umpumzishe kila baada ya mistari michache.

OMARI: Na msimwite mbele aoneshe vidole. Kila akionesha, kano zinavutwa tena.

ZUHURA: Wiki ijayo tutaendelea na kizunguzungu na joto la Mombasa: maji, chumvi, na nani asiongeze chumvi kabla ya kumuuliza daktari.